Laptopu iliyogoma kulala

Kioo cha laptopu yangu kilipasuka Jumapili usiku, mwezi Machi. Nilikuwa hoi kwa usingizi, nikashusha mfuniko bila kuangalia, na kisikizio kimoja cha hedifoni kilikuwa kimebaki juu ya kibodi. Nikasikia tak. Nilipoinua tena, kona ya chini ya kioo ilikuwa kama wino uliomwagika kwenye maji, na ile fremu nyeusi ya plastiki inayozunguka kioo ilikuwa na ufa wa kuingia kucha.

Kioo kupasuka ni jambo la kawaida, kinabadilishwa na maisha yanaendelea. Kilichonikalisha chini niandike ni yale yaliyofuata: wiki sita za kuhangaika na mashine ambayo ukiifunga hailali, shilingi 205,000 zilizotoka mfukoni bila sababu, na maneno niliyomtolea fundi mbele ya wateja wake ambayo hadi leo nikiyakumbuka moyo unaniuma. Kama na wewe unafunga laptopu yako, unaiweka kwenye begi, halafu unaikuta ya moto au imekufa chaji, nakuomba usome hadi mwisho kabla hujanunua chochote.

Kazi yangu ni unukuzi wa mahojiano. Watafiti wanakwenda mikoani, wanaongea na watu, wanarudi na faili za sauti. Mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Saa moja ya sauti hunila saa tano, hata sita ikiwa watu wanaongea kwa pamoja au jogoo alikuwa karibu na kinasa sauti. Nalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa muda niliokaa kwenye kiti. Kwa hiyo mashine ikizingua, hasara ni yangu peke yangu. Mwezi ule nilikuwa na mahojiano 24 mkononi, tarehe ya kukabidhi imeshapangwa.

Jumanne nikapeleka kwa fundi. Kijana mpole, mkono wake mwepesi. Akaniambia kioo anacho, na fremu ya kuvunja kutoka kwenye mashine nyingine iliyofanana na yangu anayo pia. Nikalipa 165,000 kwa vyote. Hiyo siihesabu kwenye hasara, ilikuwa lazima. Kabla sijaondoka akaiwasha mbele yangu, picha safi, rangi safi. Nikashukuru nikaenda zangu. Hakuna kati yetu aliyefikiria kuufunga ule mfuniko na kuona nini kinatokea. Siku hizi nikichukua mashine yoyote kwa fundi, nafunga na kufungua mara tatu pale pale mezani.

Alhamisi niliamka alfajiri, nikafanya kazi kidogo, nikafunga laptopu na kuitia kwenye begi. Nikapanda basi la mwendokasi Kimara, Dar es Salaam, nimesimama, begi nimelikumbatia kifuani kama tunavyofanya wote asubuhi. Tulipokaribia Magomeni nikahisi joto tumboni. Nilidhani ni msongamano wa watu. Nilipofika Posta na kufungua zipu, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa kama ya kufunua sufuria. Feni inavuma kwa nguvu zote, chini ya mashine hapashikiki. Nikajisemea labda niliifunga vibaya. Nikaifunga tena vizuri, nikairudisha begini, nikaingia kikaoni saa tatu. Saa saba mchana, wakati wa kuwaonyesha watafiti nilipofikia, nilibonyeza kitufe cha kuwasha na hakuna kilichotokea. Chaja ilikuwa nyumbani.

Hapa lazima niseme jambo moja linaloeleza kwa nini hali ilikuwa mbaya kiasi kile. Kompyuta ina njia mbili za kulala yenyewe. Moja ni ya saa: usipoigusa kwa dakika kadhaa, inalala. Nyingine ni ya mfuniko: ukiufunga, inalala papo hapo. Mimi ile ya saa nilikuwa nimeizima mwenyewe miezi mingi nyuma, nikaweka isilale kamwe, kwa sababu faili za sauti ni nzito na nilikuwa naziacha zikipakuliwa usiku kucha. Kwa hiyo njia ya mfuniko ilipokufa, hapakuwa na kitu kingine cha kuikamata. Mashine ilikuwa inafanya kazi ndani ya begi lililofungwa zipu, matundu ya feni yamezibwa na kitambaa, hadi betri inakata roho. Mazoea hayo nimeyaacha. Hata uwe na haraka ya kupakua, weka japo saa moja, usiweke kamwe. Betri za lithiamu hazipendi joto; joto ndilo huzizeesha upesi, na ndilo huweza kuzifanya zivimbe.

Basi, nilivyoona imekufa chaji, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye betri. Na kutoka kwenye betri ikaenda kwa fundi. Sote tumekua tukisikia habari za mafundi wanaobadilisha vitu, umepeleka simu nzima inarudi na betri ya mwenzako. Sikujiuliza mara mbili. Kesho yake nikaenda kwenye meza yake, wateja wanne wamekaa kwenye benchi wakisubiri, nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba amenichomolea betri yangu na kuniwekea mbovu. Alinyamaza kwanza. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma kwangu juu ya meza, akasema, "Kaka, betri yako sijaigusa. Fungua mwenyewe, hawa watu wakiwepo." Sikufungua. Nikaondoka huku naongea. Mama mmoja kwenye benchi lile akainuka na simu yake akaondoka pia.

Nikanunua betri mpya duka jingine, 90,000. Siku mbili baadaye begi likawa la moto tena.

Kuna amri moja ambayo laiti ningeijua siku ile, nisingenunua betri na nisingemfokea mtu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na mashine itakutengenezea ripoti yenye namba mbili muhimu: uwezo ambao betri ilitengenezwa nao kiwandani, na uwezo ilio nao sasa ikijaa. Nilipokuja kuirudisha ile betri ya zamani (niliitunza kwenye droo, namshukuru Mungu) ripoti ilisema ilizaliwa na 50,000 na sasa inajaa hadi 44,000. Betri ya miaka mitatu yenye afya hiyo haina kosa lolote. Ilikuwa ile ile niliyonunua nayo mashine, hadi namba ya kiwandani iliyobandikwa juu yake ilifanana na picha niliyoipiga siku nanunua.

Baada ya betri nikaamini tatizo ni joto lenyewe. Nikanunua kile kibao chenye feni cha kuwekea laptopu juu yake, 30,000. Ni kizuri mezani, lakini kibao hakiingii ndani ya begi ukiwa umesimama kwenye basi.

Kisha likaja kosa lililoniuma zaidi kikazi. Mtu niliyemwamini akaniambia, "Hiyo ni Windows tu, ipige upya." Nikalipa 25,000, Windows ikapigwa upya. Nilihifadhi kila kitu kilichokuwa kwenye folda ya Documents, nikajiona nimemaliza. Nilichosahau ni vifupisho vyangu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeifundisha Word kwamba nikiandika mhj iandike Mhojaji, nikiandika hsk iandike [haisikiki vizuri], nikiandika kny iandike kituo cha kutolea huduma za afya. Vilikuwa zaidi ya 300. Vitu hivyo havikai kwenye Documents. Vinakaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo AppData, kwenye faili zenye mkia wa .acl. Zilifutika zote. Niligundua nilipoandika mhj na ikabaki mhj. Nilikaa nikaiangalia ile mhj kwa muda mrefu. Kama una kamusi zako, violezo vyako, vifupisho vyako, viulizie mapema vinakaa wapi kabla hujamruhusu mtu yeyote kupiga Windows.

Na hapo ndipo mashine iliponidanganya kabisa. Baada ya kupigwa upya, kwa siku mbili begi halikupata moto. Nikampigia simu yule mtu nikamshukuru kwa dhati. Kumbe Windows mpya ilikuja na ile saa ya kulala kama ilivyotoka kiwandani: nikiifunga na kuitia begini, inakaa macho dakika kadhaa, halafu inalala kwa saa, si kwa mfuniko. Siku ya tatu nilikuwa na faili za kupakua, nikaizima saa kama nilivyozoea. Jioni begi likawa moto. Nilichelewesha kazi kwa siku nne, mteja akakata 60,000 kwa mujibu wa makubaliano. Sikuwa na la kumlaumu.

Kuanzia hapo nikaamua kusoma mwenyewe, usiku baada ya kazi. Nitaeleza nilichojifunza kwa mpangilio ambao ningeufuata leo, si kwa mpangilio niliohangaika nao.

Jambo la kwanza, la bure, la dakika moja: nenda kwenye menyu ya kuzimia, chagua Sleep kwa mkono. Ikilala vizuri, taa ikaanza kuwaka na kufifia taratibu kama inavyopumua, basi uwezo wa kulala upo na mzima. Ikikataa kulala hata kwa mkono, una tatizo la aina nyingine kabisa, mara nyingi la draiva, yaani programu inayoendesha vifaa vya ndani, na habari za mfuniko weka pembeni. Yangu ililala vizuri kila mara nilipoiambia kwa mkono. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu wiki ya pili na sikulisoma.

La pili, piga muziki, funga mfuniko, hesabu hadi kumi. Muziki ukikatika, mashine imesikia kwamba umeifunga. Ukiendelea kuimba ndani ya mfuniko, ama hajaambiwa alale, ama hajui kwamba amefungwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kama hajaambiwa: kwenye Windows fungua Control Panel, Power Options, kisha pale panapoandikwa "Choose what closing the lid does". Utakuta safu mbili, moja ya wakati mashine inatumia betri, nyingine ya wakati imechomekwa kwenye umeme. Watu wengi hurekebisha moja na kusahau nyingine. Yangu zote mbili zilikuwa Sleep. Nilizibadilisha, nikazirudisha, nikazibadilisha tena, pengine mara ishirini.

Watumiaji wa Ubuntu na ndugu zake wa Linux, wasiotumia Windows, wana mambo yao. Mpangilio wa mfuniko unakaa kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf, mstari wa HandleLidSwitch; ukiandikwa ignore, hailali. Ukiwa umechomeka skrini ya nje, kwa kawaida mfumo unahesabu kwamba uko mezani na hautalala hata ukifunga. Huo si ubovu. Na kama uliwahi kuingia GNOME Tweaks, programu yao ya mipangilio ya ziada, ukazima kitufe cha kulala mfuniko ukifungwa, inabaki programu ndogo inayozuia usingizi kila unapoingia, hata kama faili lile liko sawa. Amri ya systemd-inhibit --list itakutajia nani anazuia.

Turudi Windows. Kuna amri ya powercfg /requests, unaiendesha ukiwa umefungua dirisha la amri kama msimamizi, inakutajia programu zinazoomba mashine ibaki macho. Mimi nilikuta kicheza sauti changu kwenye orodha, nikashangilia, nikakifuta. Haikusaidia, na baadaye nikaelewa kwa nini: programu ya namna hiyo huzuia usingizi wa saa, lakini kufunga mfuniko ni agizo lako wewe mwenye mashine, na kwa kawaida agizo lako linapita juu ya ombi la programu.

Halafu kuna wale ambao mashine yao inalala sawasawa ila inaamka yenyewe begini. Huo ni ugonjwa mwingine wenye dalili ile ile ya begi la moto, na ulinichanganya kwa wiki nzima. Amri ya powercfg /lastwake inasema nani aliiamsha mara ya mwisho, na powercfg /devicequery wake_armed inaorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alikuta kipanya chake kisicho na waya kinaamsha: kijidude chake kimechomekwa pembeni, kipanya kiko mfuko wa mbele wa begi, kila basi likiruka tuta kinatikisika na mashine inaamka. Aliondoa ruhusa hiyo kwenye Device Manager, ikaisha.

Na mashine nyingi mpya zina usingizi mwepesi, kama wa simu: zimefungwa lakini zinaendelea kupokea mambo kutoka kwenye intaneti. Ukiandika powercfg /a na ukaona maneno S0 Low Power Idle, yako ni ya aina hiyo. Kwa hiyo kama unatembea nayo sana, ushauri wangu ni kwamba kwenye safu ya betri uchague Hibernate badala ya Sleep. Inaandika kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa. Ukifungua utasubiri kidogo zaidi, lakini begi litakuwa baridi. Kama neno hilo halionekani kwenye orodha, powercfg /hibernate on italileta.

Nilipitia yote hayo na mashine yangu ikaendelea kuimba ndani ya mfuniko.

Mpwa wangu anasoma umeme VETA, chuo cha ufundi stadi, alikuja kukaa kwangu wiki mbili za likizo. Usiku mmoja alinikuta nimeshika kichwa, akauliza, nikamweleza. Akachukua flashi yake yenye Ubuntu, akaichomeka, akaiwasha mashine kutoka kwenye flashi ile bila kuigusa Windows yangu. Akanionyesha faili moja dogo, /proc/acpi/button/lid/LID0/state. Kazi yake ni moja tu, kusema kama mfuniko uko wazi au umefungwa. Akaandika amri fupi ya kulisoma kila sekunde na kuandika majibu pembeni. "Funga, Anko." Nikafunga. Tukahesabu hadi ishirini. Nikafungua. Mistari yote ilisema open. Open, open, open, toka juu hadi chini, hata zile sekunde ishirini nilizokuwa nimeukandamiza mfuniko kwa viganja vyote viwili.

"Anko," akasema, "mashine yako haijui kama umeifunga."

Wiki sita nilikuwa nabishana na kitu ambacho hakikuwa na habari. Nilibadilisha betri yake, nikaifutia kumbukumbu, nikamtukana mtu kwa ajili yake, na muda wote huo hakuna aliyeipelekea taarifa kwamba mfuniko umeshuka.

Akanieleza inavyojua. Laptopu za zamani zilikuwa na kijipini kinachobonyezwa na mfuniko, kama kile cha mlango wa friji. Za sasa nyingi zina kihisi kidogo chini ya kibodi, ambacho mafundi hukiita sensa, na sumaku ndogo iliyofichwa kwenye fremu ya kioo au kwenye mfuniko. Sumaku ikishuka karibu na kihisi, kihisi kinaipasha mashine habari, mashine inalala. Akauliza kama nina sumaku yoyote ndani. Nikakumbuka droo. Kile kisikizio kilichopasua kioo kilikuwa bado kimo, kimebanjuka, sikukitupa. Akakivunja kwa koleo, akatoa kijisumaku cha duara, chembamba, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Akakishika kwa ncha za vidole na kukipitisha polepole juu ya plastiki, pale tunapoegemeza viganja tukiandika. Kutoka kushoto, chini ya Ctrl, hakuna kitu. Katikati, hakuna. Akaenda kulia, akapita chini ya vitufe vya mishale, akafika ukingoni kabisa, sentimita mbili kutoka kona. Kioo kikazima. Akainua kidole, kikawaka. Akashusha, kikazima. Mfuniko uko wazi mbele yetu na mashine inaamini umefungwa.

Kisha akakigeuza kijisumaku upande wa pili na kukiweka pale pale. Hakuna kilichotokea. Vihisi vingine hujibu upande mmoja tu wa sumaku, akasema, akachukua peni na kuutia nukta upande ule uliofanya kazi. Kumbuka hili kama utajaribu: usipopata jibu, geuza sumaku kabla ya kukata tamaa. Tumia sumaku ndogo, si ile ya spika kubwa, na kadi za benki zenye mstari mweusi weka mbali na meza.

Tukaiangalia ile fremu mpya ya kioo. Kwenye kona ya chini kulia, kwa ndani, kulikuwa na kishimo cha mstatili kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kubeba kitu. Kilikuwa kitupu. Fremu ile ilitolewa kwenye mashine iliyokufa, na sumaku yake ilikuwa imeshadondoka au kuchukuliwa kabla haijafika kwangu. Fundi hakuniibia chochote. Aliniwekea fremu isiyo na kitu ambacho hata mimi, mwenye mashine, sikujua kipo.

Kesho yake nilienda. Nilipita mbele ya meza yake mara mbili kabla sijasimama. Nilisubiri pawe na watu, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Nikasema, "Fundi, nimekuja kukuomba radhi. Betri ni yangu ile ile, hukuigusa. Nilisema uongo juu yako." Aliniangalia, akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Yameisha, kaka," akasema. "Ila siku ile iliniuma." Nikamwambia najua. Nikarudia tena kumwomba radhi, kwa sababu mara ya kwanza ilionekana kama nimeifanya iishe upesi.

Nilipomweleza habari ya sumaku, hakubisha hata kidogo. Akavuta kiroba kutoka chini ya meza, kimejaa fremu, bawaba, vibodi visivyo na herufi. Alipekua hadi akatoa fremu yangu ya zamani, ile yenye ufa. Mafundi hawatupi vitu. Kwenye kona ya chini kulia sumaku ilikuwa imekaa mahali pake, ya mstatili, imefunikwa vumbi. Akaichokonoa kwa ncha ya wembe, nami nikamwambia aweke alama upande ulioangalia chini kabla haijatoka. Akaibandika kwanza kwa utepe wa gundi, tukapiga muziki, tukafunga, muziki ukakatika. Tukafungua, tukafunga tena, mara tano. Ndipo akauondoa utepe na kuibandika sumaku kwa gundi ya moja kwa moja. Alikataa pesa. Nilimwachia 10,000 chini ya kikombe chake cha chai, na tangu siku ile nimempelekea wateja watatu.

Ameniambia kwamba sasa kila mashine anayobadilisha fremu, anaifunga mbele ya mwenyewe. Ameongeza pia kwamba jambo lenyewe lina upande wake wa pili, na hili nimeshaliona kwa macho: mteja alimletea laptopu inayozima kioo katikati ya kazi, kumbe alikuwa anaweka simu yenye kava la sumaku pembeni ya kibodi. Hata kuweka laptopu iliyo wazi juu ya nyingine iliyofungwa kunaweza kuleta hayo, sumaku ya chini inamdanganya kihisi wa juu.

Kama bado hujapata wa kukutengenezea, fanya nilivyofanya siku zile za mwisho: kwenye ukurasa ule ule wa mfuniko, kipe kitufe cha kuwashia kazi ya Hibernate. Ukimaliza kazi unakibonyeza mara moja, unasubiri taa izime kabisa, ndipo unafunga na kuitia begini. Usiitie begini taa ikiwa inawaka kwa kuamini kwamba italala njiani.

Vifupisho vyangu nimeshavirudisha 140. Navihifadhi sehemu mbili, na faili la .acl nalitumia barua pepe kila mwisho wa mwezi. Betri mpya iko kwenye droo, imechajiwa nusu kama inavyoshauriwa kwa betri inayokaa bila kutumika. Kijisumaku cha kisikizio nimekigandisha kwenye nondo ya dirisha juu ya meza, nukta ya peni ikiangalia nje.